Haidrojeni ya Mgongo wa Lihanje

Haidrojeni ilipofika asilimia thelathini na nane, watu wa Lihanje walichinja mbuzi wawili. Mimi nikaanza kumtafuta mwizi.

Ndivyo nilivyo, na ndiyo kazi niliyoapishwa. Mimi ni mnusaji. Ndani ya tundu la kushoto la pua yangu kuna kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya ulezi, kilichopandwa na madaktari nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, na kinanipa harufu ya vitu ambavyo Mungu aliviumba bila harufu. Haidrojeni kwangu inanukia mahindi mabichi yanayochemka. Kaboni monoksaidi, ile inayomuua mtu usingizini, inanuka maganda ya kahawa yaliyooza. Kaboni dayoksaidi ni majivu yaliyomwagiwa maji. Mashine za kupima gesi zipo, lakini mlima wa jirani mashine ziliwahi kuchezewa, jiko likaporomoka na watu kumi na mmoja wakaenda nalo chini. Tangu hapo sheria inataka mtu mwenye damu anuse kisimani kila asubuhi, aape alichonusa, na kiapo chake hakikatiwi rufaa.

Sasa, jiko ninalolisema si la mafiga. Makaa ya mawe ya Lihanje yako mita mia moja na kumi chini ya miguu yetu, na hakuna anayeyachimba. Yanachomwa papo hapo yalipo. Kisima kimoja kinashusha chakula cha moto, kisima kingine kinapandisha gesi, na gesi inateremshwa kwa bomba mpaka kiwanda cha mbolea kilichoko bondeni. Kiwanda kinachotaka ni haidrojeni. Mengine yote kwao ni takataka.

Kila kitu kinategemea unaulisha nini huo moto. Ukiupa hewa ya kawaida, sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni, abiria asiyefanya kazi wala kushuka njiani, na gesi inatoka hafifu kama chai ya msiba. Ukiupa oksijeni tupu, unapata moto mkali na gesi yenye nguvu, ila moto huo unakula makaa bila adabu, unakula hata nguzo zilizoachwa makusudi zishike paa. Ukichanganya oksijeni na mvuke, makaa yanauvunja mvuke na kutoa haidrojeni. Uwiano wetu ulikuwa mvuke mara mbili ya oksijeni. Haukuruhusiwa kubadilishwa bila sengu kukaa.

Sengu kwetu Wamatengo ilikuwa mahali pa kula. Wanaume wa ukoo mmoja walikusanyika kwa babu yao, wakala pamoja, na wakishashiba wakamaliza mashauri. Siku hizi wanawake tunakaa pia, na sengu ndiyo yenye jiko, kila mgongo wa mlima na lake. Lihanje tulikuwa wa mwisho kati ya migongo saba kwa miaka sita mfululizo. Halafu ndani ya wiki tatu haidrojeni ikapanda kutoka thelathini na moja hadi thelathini na nane, hakuna aliyeongeza kitu, na watu wazima na akili zao wanasema ni baraka. Nilikula nyama yao, lakini sikuamini hata kidogo.

*

Anayelisha moto ni Meinrad Kapinga. Ni mtu mpole, mwembamba, mwenye tabia ya kujibu swali baada ya kulifikiria mpaka mwenye swali amelisahau. Watu wa namna hiyo huwa siwaamini. Nilifungua daftari la valvu nikakuta kwamba katika wiki zile tatu alikuwa ameugusa mkono wa valvu ya mvuke mara tisa, na mara zote tisa aliupunguza. Hesabu yake ni ya darasa la nne: ukipunguza mvuke na oksijeni ikabaki palepale, sehemu ya oksijeni inakua. Nikaona nimemshika. Anachochea moto kwa siri ili Lihanje iwe ya kwanza, na chini kule nguzo zinaliwa.

Na juu ya nguzo hizo kuna nyumba ishirini na mbili. Moja ni ya mama yangu.

Nilimfuata kwenye chumba cha valvu saa nne asubuhi. Nilimuuliza kwa nini anapunguza mvuke. Akaangalia mita, akaangalia dirisha, akasema moto umelowa. Nikamwambia moto ulio chini ya mita mia moja na kumi haulowi kama nguo, aniambie vizuri. Hapo akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

"Unaniuliza mimi, dada Otilia?" alisema. "Wewe ndiye unayejua."

Nilitoka pale kwa hasira. Nililichukua neno lile kuwa ni kitisho, kwamba ana jambo langu na atalitoa nikimgusa. Sina jambo, nikajiambia. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya sengu, nikaapa kwamba gesi ya jiko letu imebadilika bila idhini na kwamba mlishaji amechezea uwiano. Meinrad hakujitetea. Mwenyekiti, mzee Desideri Komba, alimnyang'anya ufunguo na kusema atasikilizwa baada ya siku nne, nikishanusa mara ya pili. Mlishaji anayethibitika kuiba oksijeni, yaani kuupa moto kuliko uwiano unavyoruhusu, hafanyi kazi hiyo tena kwenye mgongo wowote, na ukoo hauli naye. Siku hiyohiyo watu walihamisha sahani zao mbali na yake, na mimi nilijisikia nimefanya kazi yangu.

*

Msaidizi wake alirudisha mvuke kwenye uwiano wa halali. Kama mwizi alikuwa Meinrad, haidrojeni ilipaswa kushuka.

Siku ya kwanza ilikuwa thelathini na nane. Siku ya pili mvua ilinyesha tangu alfajiri hadi saa tano. Siku ya tatu niliinama juu ya bomba la kisima cha kutolea, nikavuta pumzi, na mahindi yakanijaa kichwani. Arobaini. Ila chini ya mahindi kulikuwa na kitu ambacho wiki zote zile nilikipita kwa sababu nilikuwa natafuta kingine. Maganda ya kahawa yalikuwa yamefifia. Majivu yenye maji yalikuwa yamezidi. Nikaomba joto la gesi: lilikuwa limeshuka kwa nyuzi sitini tangu mwezi uliopita.

Nilikaa chini kwenye zege. Moto unaopewa oksijeni ya wizi unapanda joto, na monoksaidi inazidi. Huu ulikuwa unapoa. Monoksaidi ilikuwa inakutana na maji, inageuka dayoksaidi, na maji yanaacha haidrojeni yake. Gesi yetu nzuri ilitokana na maji ambayo hakuna mtu aliyeyaingiza. Mvuke wote unapita kwenye mita moja, na mita ile ina lakiri yangu mwenyewe, haijavunjwa.

Basi maji yanatoka wapi? Shule ya Lihanje ina kipimo cha mvua. Nilikwenda kuliomba daftari lao na kuliweka kando ya langu. Kila haidrojeni iliporuka, mvua ilikuwa imenyesha jana yake. Kila mara, bila kukosa. Maji yalikuwa yanatoka juu.

Lakini juu ya jiko hapana mahali pa maji kukaa. Wahandisi waliuweka mteremko wote ule kuwa paa: unasawazishwa, unapandwa nyasi fupi, mvua inateleza mpaka kijitoni. Mtu haruhusiwi kulima pale, hata mchicha. Niliupanda mteremko mzima siku hiyo nikikagua. Upande wa mashariki nyasi tupu. Upande wa kanisa nyasi tupu. Nyumba moja baada ya nyingine nilizunguka nyuma nikitazama kwa jicho baya, watu wakinisalimia nusunusu maana tangu Jumapili walikuwa wananiogopa. Ya mwisho ilikuwa ya mama, na niliiacha ya mwisho kwa sababu sikuiweka hata kwenye hesabu. Nimenusa kila bomba la mlima huu. Kwa mama nakula kila Jumapili, naingilia mlango wa mbele, natokea huohuo.

Nyuma ya nyumba ya mama, baada ya migomba, kulikuwa na ngolo.

Asiyejua ngolo nimweleze. Unafyeka majani, unayalaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko unakuwa na miraba, unachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika majani. Unabaki na mashimo, na kuta za udongo kati yake, na juu ya kuta unapanda maharage. Mvua ikinyesha, maji yanatulia shimoni badala ya kukimbia na shamba. Milima yetu ni mikali, na bila ngolo tungekuwa tunalima mawe. Mama alikuwa amechimba mashimo zaidi ya sitini, yamenyooka, mazuri, maharage yakiwa na majani matatu.

Siku moja baada ya mvua kubwa ile, shimo la ngolo linatakiwa angalau liwe na tope. Haya yalikuwa makavu. Nilishuka katika moja la katikati nikakuta ufa chini yake, mpana wa kuingiza vidole vinne. Nikapiga magoti, nikaweka uso.

Maganda ya kahawa. Hafifu, lakini nilikuwa nayajua. Gesi inayoua ilikuwa inapumua hatua kumi kutoka dirisha la chumba anacholala mama yangu. Niliogopa kiasi kwamba nilisahau kusimama.

"Umepotewa na nini humo?" mama alisema. Alikuwa amesimama juu ya ukuta wa ngolo na jembe begani.

Nilipanda, nikamshika mkono, nikamvuta mpaka upande wa barabarani bila kumjibu. Kunigunda Hyera ni mwanamke wa miaka sabini na moja na havutwi. Alijichomoa na kuniuliza kama nimelewa. Nikamuuliza alianza lini kuchimba. Akasema Novemba, kabla ya mvua. Nikamuuliza kama hakujua ni marufuku. Akasema anajua sana, ndiyo maana alichimba nyuma ya migomba.

"Kwa nini, mama?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini ameosha vyombo.

"Walituachia mteremko uchi, mwanangu. Kila mvua udongo unateremka, nauona kwa macho yangu, kijito chekundu. Wewe umeniambia hili ndilo paa la moto wenu, likiisha tumekwisha. Nikasema hawa wahandisi wanatoka tambarare, hawajui mlima. Nikalishikilia paa lako kwa ngolo. Mama yangu alishikilia mlima huu kwa ngolo miaka hamsini."

Chini ya mashimo yake paa lilikuwa limeshuka kidogo, kama linavyoshuka juu ya kila jiko, likapasuka nyufa ambazo mvua ikiteleza hazina neno. Yeye akazipa maji yatulie juu yake, mwezi hadi mwezi, yazitafune. Alifanya hivyo kwa upendo na kwa ustadi, na nyumba ishirini na mbili zilikuwa juu ya paa hilo. Nikalia mbele ya mama yangu, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu tumzike baba.

*

Nilipitia kwa Meinrad kwanza. Nilimkuta anapalilia kahawa. Nilimwambia nilichokiona, na yeye akaendelea kupalilia mpaka mwisho wa mstari ndipo akajibu. Moto ulikuwa unapokea maji, alisema, kwa hiyo alikuwa anapunguza mvuke ili usizimike na gesi isiharibike. Mlishaji yeyote angefanya vile. Siku ya nne tangu aanze kuupunguza alipanda mwenyewe kutafuta maji yanatoka wapi, akaziona ngolo, akaona ni kwa nani.

"Nilidhani unajua," alisema. "Kila Jumapili uko pale. Nikasema mnusaji anamficha mama yake, na mimi nina watoto. Ulipoapa juu yangu ndipo nikawa na hakika. Ningesema nini, dada? Kiapo chako hakikatiwi rufaa."

Nilimwomba radhi. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Alisema mama asilale nyumbani kwake siku ile.

Mwenyekiti Desideri alinisikiliza akiwa amefumba macho. Ni mtu mwepesi pale inapobidi. Kabla ya saa kumi jioni familia zote ishirini na mbili zilikuwa zimeambiwa kuna matengenezo ya valvu na zinahamia shuleni kwa muda, na oksijeni ikapunguzwa hadi kiasi cha kuufanya moto upumue tu. Nilirudi kumshukuru. Ndipo akanikaribishia kiti.

Alisema jiko hili limekwisha, hilo halina ubishi. Swali ni limekwisha kwa jina la nani. Likifungwa kwa sababu mlishaji aliiba oksijeni, mtu mmoja anapoteza kazi, na Lihanje tunaruhusiwa kuwasha jiko jipya upande wa pili wa mlima mwakani. Likifungwa kwa sababu wakazi walichimba paa, sheria inataka aliyechimba aondolewe mlimani, apewe kiwanja tambarare, na mgongo mzima ukae miaka thelathini bila moto. Taa za zahanati, pampu za maji, kinu, vyote hivyo vinaendeshwa na moto ule.

"Umeshaapa juu ya Meinrad," alisema. "Mimi sikuombi useme uongo, Otilia. Nakuomba usiape mara ya pili."

Nilishuku kwamba alijua siku nyingi. Nilimtazama sana na sikupata jibu, na mpaka leo sina. Nilichoogopa zaidi ni kwamba maneno yake yaliniingia. Watu wako salama shuleni. Meinrad ana mikono, atapata kazi nyingine. Mama yangu hajawahi kulala nje ya Lihanje hata siku aliyonizaa, na tambarare atakufa kwa joto na kwa kukosa mlima wa kuutazama. Nikatembea mpaka kisimani na kurudi mara tatu nikilihesabu jambo hili, na kila mara lilinijia lilelile kwamba ni kunyamaza tu.

Kilichonizuia ni mashimo yale. Yalikuwa mazuri mno. Yalikuwa ya mtu aliyekuwa anafanya kitu sahihi. Migongo sita mingine ina mapaa ya nyasi, na kwenye kila mgongo wapo wanawake waliofunzwa na mama zao kwamba mteremko uchi ni aibu na ni hatari. Ni wangapi wana migomba nyuma ya nyumba? Nikinyamaza, watu watakagua valvu za oksijeni mlima kwa mlima, na hakuna atakayezunguka nyuma ya nyumba.

Shuleni nilimkuta mama ameketi kwenye dawati la darasa la pili, anachambua maharage. Nilimweleza yote, la mwenyekiti na langu. Aliuliza kama ni kweli gesi ilikuwa inatoka. Nikasema kweli. Akauliza kama ingemuua. Nikasema wiki hii au ijayo, yeye kwanza. Akachambua konzi nzima.

"Utanisema?"

"Nitakusema, mama."

"Mbele ya watu wote."

"Ndiyo."

Akasukuma ungo upande wangu ili nimsaidie kuchambua.

*

Sengu ilikaa siku ya nne, saa sita mchana, uwanjani kwa Desideri. Ugali ulikuwa wa kutosha lakini watu walikula kidogo. Meinrad aliwekwa peke yake na sahani yake. Mama alikaa na wanawake wenziwe, amevaa kitenge cha kanisani.

Nilisimama, nikaapa. Nilisema haidrojeni arobaini, joto chini kwa nyuzi sitini, monoksaidi imepungua kisimani na imeonekana juu ardhini. Nilisema kiapo changu cha kwanza kilikuwa cha uongo ingawa sikukusudia, kwamba Meinrad Kapinga hakuiba oksijeni hata pumzi moja, kwamba ndiye aliyekuwa anaushikilia moto usife. Watu wakaanza kunong'ona. Nikasema maji yanaingia kupitia ngolo zilizochimbwa juu ya paa, na kwamba naomba mapaa ya migongo yote saba yakaguliwe kabla ya mvua nyingine, nyuma ya kila nyumba.

Mwenyekiti alikuwa hanitazami. Aliuliza, kama sheria inavyomtaka aulize, aliyechimba ni nani.

"Kunigunda Hyera," nilisema, "mjane wa Gerold Nchimbi, mama yangu."

Karani akaandika. Desideri akasema kwa sauti ya chini, na nadhani alikuwa ananihurumia, kwamba kiapo kinahitaji jina na ukoo tu. Neno la mwisho si la lazima, karani anaweza kulikata, na litakaposomwa kwenye migongo mingine hakuna atakayejua ni nani kwangu.

Nikamwambia karani aliache.

Mama alisimama, akachukua sahani yake, akapita mbele yangu bila kunitazama, na kwenda kuketi mkekani kando ya Meinrad. Alimega tonge, akala. Wanawake wawili wakamfuata. Mimi nilibaki nimesimama pale nilipoapia, na hakuna aliyeniambia nikae.